Sifuri Zangu za Desemba

Muhula uliopita, boom halijaingia na bando linahesabika, niliamua kutengeneza tovuti. Msicheke. Kuna wanaotengeneza tovuti za mpira na za muziki, mimi yangu ni ya mvua. Tena siyo mvua ya nchi nzima, ni mvua inayonyesha uani kwa babu yangu, milimani Lushoto.

Babu alikuwa karani wa shamba la chai. Kusoma kipima mvua kila siku saa tatu asubuhi ilikuwa sehemu ya kazi yake, na alipostaafu, tabia haikustaafu. Alichimbia kipima mvua chake uani, mbali na paa na mbali na mparachichi. Kila asubuhi anamimina maji kwenye silinda, anainama mpaka jicho lake lilingane na maji, anasoma, anaandika kwenye kaunta buku: 4.2, 11.6, 0.0. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwa kila mita ya mraba. Paa la babu lina mita za mraba kama 40, kwa hiyo mvua ya milimita 25 ni lita 1,000, yaani tangi limejaa. Hesabu hiyo anaipiga kichwani kabla hujamaliza kikombe cha chai, halafu anakuuliza wewe unayesoma chuo kama amekosea.

Likizoni nilipiga picha kurasa za miaka mitano, kuanzia 2012 mpaka 2016, nikarudi nazo hosteli. Usiku wenzangu wakiangalia muvi, mimi nachapa namba. Nilipomaliza nilikuwa na mistari 1,827, siku moja mstari mmoja.

Jedwali lenyewe halina maajabu. Kwenye HTML unafungua table, kila mstari ni tr, vichwa vya safu ni th, kila kisanduku ni td. Nikaweka safu tatu: tarehe, milimita, maelezo. Ukishaandika andalio la somo lenye visanduku vyake vyote vile, hili ni mteremko. Taabu ilianza nilipotaka mtu akibonyeza neno "Milimita", siku zijipange kuanzia yenye mvua ndogo mpaka yenye mvua kubwa. Nikabonyeza. 110.4 ikakaa juu ya 2.0, na 2.0 ikakaa juu ya 9.5. Kumbe kompyuta ilikuwa inazisoma namba zangu kama maneno, herufi kwa herufi, kama majina kwenye karatasi ya mahudhurio: 1 kwanza, halafu 2, halafu 9.

Nikaiamuru izigeuze maandishi kuwa namba, hapo nikakuta jipya. Siku nyingine babu hakuandika namba, aliandika "manyunyu". Hiyo kompyuta ilikataa waziwazi, ikasema si namba, na mimi namheshimu mtu anayekataa waziwazi. Tatizo lilikuwa visanduku vitupu. Zipo siku babu aliumwa, au alikwenda msibani, akaacha nafasi wazi. JavaScript ukiipa nafasi tupu uiambie igeuze kuwa namba, inakupa sifuri. Haiulizi wala hailalamiki. Siku ambayo babu hakutazama ikageuka siku ambayo mvua haikunyesha, na wastani wa mwezi ukashuka bila mtu kujua. Nilikaa siku mbili nikirekebisha hilo. Kisanduku kitupu nikakiwekea kistari, kistari kisihesabiwe popote, na wakati wa kupanga kiende chini kabisa. Nilijiona fundi kwelikweli. Nikawahubiria hata wenzangu wa chumbani kwamba sifuri na "sijui" ni vitu viwili tofauti. Walikuwa wanasubiri wali uive.

Kazi ya mwisho ilikuwa ya urembo tu. Nikazisogeza namba zote ziegemee kulia, ili nukta za desimali zikae kwenye mstari mmoja. Jedwali likapendeza. Nukta zimeshuka chini kama uzi wa fundi uashi, 2012 yote, 2013 yote, 2014 mpaka mwanzoni mwa Desemba. Halafu zikapotea. 5. 10. 0. 15. 0. 0. 20. 10. Namba nzima tupu, hazina desimali, zimejitokeza nje ya mstari kama meno mabovu.

Nilizijua mara moja. Ni zangu.

Desemba ile nilikuwa na miaka 11, shule zimefungwa, na bibi alipelekwa Tanga kufanyiwa upasuaji. Babu alikwenda kumuuguza kuanzia tarehe 8. Kabla ya kuondoka alinishika bega mbele ya kipima mvua, akanionyesha kumimina, kuinama, kusoma. Akaniachia kaunta buku. Siku za mwanzo nilifanya kazi kama nilivyoelekezwa. Baadaye tukapata mpira wa kweli, siyo wa makaratasi, na saa tatu asubuhi ikawa saa ya mechi. Jioni nakumbuka daftari, natazama matope, nabuni. Kukiwa na tope naandika 5 au 10. Kukiwa na tope sana, 20. Nisipokumbuka chochote naandika sifuri. Babu alirudi tarehe 27, akalikuta daftari limejaa, akaninunulia soda.

Sasa sikilizeni jinsi shetani anavyojua msimbo. Upo mstari mmoja mfupi wa JavaScript unaoionyesha kila namba na desimali moja. Ukiuandika, 5 inakuwa 5.0, 20 inakuwa 20.0, na nukta zote zinarudi kwenye uzi. Niliuandika. Jedwali likanyooka, na hakuna ambaye angeona tofauti. Nikalala.

Wiki hiyohiyo dada mmoja tunayesoma naye jiografia alisikia habari za tovuti. Anaandaa utafiti wake juu ya mvua za vuli na upandaji wa mahindi, akaniomba namba za Oktoba mpaka Desemba kwa miaka yote mitano. Alifurahi mno, anasema data za kila siku za sehemu moja ni adimu. Nikamwambia nitamtumia kesho. Ile kesho nilimkwepa kantini.

Nikampigia babu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mbona sauti hivyo, umefukuzwa?"

Nikamweleza. Alikaa kimya mpaka nikatazama simu kama salio limekwisha. Nilitegemea acheke, maana ni mambo ya utotoni. Hakucheka. Akasema, "Ngoja nivae miwani." Nikasikia kabati linafunguliwa, kurasa zinapekuliwa. Akasema nimtajie tarehe, moja moja, yeye akate. Tarehe 12. "Nimekata." Tarehe 13. "Nimekata." Tukaenda hivyo mpaka 26. Siku 15. Kwa kila moja nilisikia kalamu ikikwaruza karatasi, au labda nilijisikia tu.

Halafu akasema jambo ambalo sikulijua. Mwaka ule, aliporudi, alijumlisha mvua ya vuli na kuwasomea majirani barazani, kama afanyavyo kila mwaka. Mzee mmoja jirani alibisha. Alisema Desemba hiyo ilinyesha zaidi ya hapo, mtaro wake ulibomoka. Babu alimjibu kwamba daftari halina upande. "Yule mzee alifariki mwaka juzi," babu akasema. Hapo sikuwa na la kujibu.

Usiku ule nilifuta ule mstari wa msimbo. Visanduku 15 nikavifanya vitupu, vikapata vistari vyao, na kwenye jumla ya Desemba 2014 nikaandika "haijulikani". Kwenye safu ya maelezo nikaandika: msomaji hakupima. Dada wa jiografia nilimtumia faili asubuhi pamoja na maelezo ya kilichotokea. Alijibu kwa neno moja, "sawa", na mpaka leo sijui ni sawa ya namna gani.

Jioni yake simu ikaita. Ni babu, ambaye huwa hapigi, hubipu tu.

"Hizi nne za mwanzo," akasema. "Ya nane, ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja. Hizo ulipima?"

Ya nane nakumbuka, mikono ilikuwa inatetemeka nisimwage maji. Ya tisa na ya kumi pia, zina desimali kabisa, 6.4 na 1.8. Ya kumi na moja ipo 3.0. Nilifikiri muda mrefu.

"Ya kumi na moja sina hakika, babu."

"Haya," akasema. Nikasikia kalamu.