Tulienda Mutwanga kwa wamama wa kakao



Juma lililopita tulitoka Butembo, wamama saba wa chama, kwenda kutembelea wenzetu wanaolima kakao huko Mutwanga. Tulifika Beni, tukashika barabara ya Kasindi. Baada ya daraja la Semliki hakuna aliyesema neno, kwa sababu kila mmoja wetu anajua mtu aliyeuawa kwenye njia ile au ndani ya shamba lake. Tuliposhuka chini ya milima ya Rwenzori tulimshukuru Mungu, tukanawa uso kwa maji baridi.

Wenyeji walitupeleka shambani kwa kundi, maana siku hizi mama haendi kuvuna peke yake. Tunda linapasuliwa, na ndani mbegu zimefunikwa na nyama nyeupe tamu ambayo watoto wanafyonza. Mbegu zinawekwa ndani ya sanduku la mbao, zinafunikwa na majani ya ndizi, zinachacha siku tano au sita. Zinapata moto zenyewe na kunuka kama siki. Halafu zinaanikwa juani. Asiyechachisha vizuri anapewa bei ndogo.

Mama mmoja mjane alituambia: «Nalima kakao miaka kumi na mbili, lakini chokoleti sijaionja.» Tulinyamaza. Sehemu kubwa ya kakao yetu inauzwa nje ingali mbegu. Lakini pale pale Mutwanga kuna kiwanda kidogo cha chokoleti, kinachotumia umeme wa maji ya mlimani. Tulinunua gramu 200, na jioni tukapika kwake, juu ya mbabula.

Tulichukua keki kavu ya jana, gramu 500, tukaivunja kwa vidole mpaka ikawa kama unga. Tuliongeza maziwa mazito ya kopo, vijiko vikubwa vinne, kidogo kidogo, mpaka ikashikana bila kunata mkononi. Tulifinyanga vidonge 25, kila kimoja kama limau dogo, tukaviacha saa moja kwenye sahani iliyowekwa ndani ya beseni la maji baridi.

Chokoleti tuliivunja ndani ya bakuli, tukaliweka juu ya sufuria ya maji ya moto. Bakuli lisiguse maji, na makala yawe machache. Angalieni sana: tone moja la maji likiingia, chokoleti inagandamana. Ikitokea hivyo msiitupe, iongezeeni maziwa ya moto, watoto wainywe. Tulichovya kila kidonge kwa uma, tukakiweka juu ya jani safi la ndizi mpaka kikakauka.

Yule mama aliuma nusu, akafumba macho. «Ni hii inayotoka kwenye shamba langu?» Nusu iliyobaki aliikatia wanawe. Kisha akauliza bei ya keki, ya maziwa, ya chokoleti, akahesabu kwa vidole kila kidonge kimemgharimu franka ngapi.

Na sisi tufanye vile vile. Jumamosi hii, kila kikundi kipike mara moja, kiandike gharama zote pamoja na makala, halafu ndipo tupange bei ya kuuza kwenye ndoa na ubatizo. Uzeni asubuhi au jioni, jua la mchana linayeyusha. Na cha kwanza wapeni watoto wenu waonje.

Tuonane juma lijalo.