Kamba Mikononi mwa Binti Yangu

Mpenzi msomaji, je, umewahi kumwona mwanao akining'inia mwambani kama popo? Mimi nimemwona. Nilifunga safari kutoka kwetu Kapseret, Eldoret, hadi Hell's Gate karibu na Naivasha, nikiwa na kamera ya video. Binti yangu na wanafunzi wenzake walikuwa wakipanda Mnara wa Fischer, mwamba wa mita 25 hivi, wenye jina la Mjerumani Gustav Fischer aliyepita huko mwaka wa 1883. Nia yangu ilikuwa mama yake aone hatari, tumkataze.

Lakini ndani ya kamera mchezo ule ulionekana mwepesi mno. Nikajigamba kuwa hata mimi naweza! Wakanivika kofia ngumu na mkanda, wakanifunga kamba. Kabla sijapita kimo cha mlango, nilitetemeka kama mwenye malaria. Kupanda siwezi, kushuka siwezi.

"Baba, tafuta pa kuweka mguu. Kamba ninayo mimi," binti yangu akaniambia.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Siku hiyo aliyeningoja chini ndiye aliyenishika nisianguke. Sasa akiaga kwenda kupanda, msomaji, simkatazi. Namwuliza tu: nani atashika kamba?