Mficha Uchi Hazai

Katika somo la isimujamii tulifundishwa kuwa tafsida ni adabu ya ulimi. Niliikariri fasili hiyo kwa ajili ya mtihani. Sikudhani kuwa ingekuja kunigharimu majuma matatu ya mateso.

Nilikuwa likizoni nyumbani, Machakos, nilipoanza kuhisi mwasho ndani ya njia ya mkojo. Kila nilipokojoa, ilikuwa kana kwamba nimetiwa pilipili. Aibu ikanishika. Niliingia duka la dawa mjini, nikanong'ona kuwa nina "shida ya haja ndogo", nikauziwa vidonge. Mwasho ulipungua siku mbili, kisha ukarejea. Nikaenda zahanati moja. Huko nako nikasema nawashwa "sehemu za siri". Nikapewa marhamu ya kupaka kwenye ngozi. Simlaumu aliyenipa, kwani alitibu alichoambiwa.

Mara ya tatu nilimkuta tabibu mzee. Aliniuliza, "Mwanangu, kunawasha juu ya ngozi au ndani, mkojo unapopita? Unatokwa na usaha?" Alivyouliza waziwazi ndivyo nami nilivyomjibu. Mkojo wangu ulipimwa. Akanieleza kuwa sabuni kali huweza kuudhuru mrija wa mkojo, lakini kwa vijana aghalabu chanzo huwa ni bakteria wa kisonono au wa klamidia, na kwamba vidonge vya kubahatisha huwafanya bakteria kuwa sugu. Yangu ilikuwa klamidia, nayo inatibika. Ila mwenzangu naye sharti atibiwe hata kama hahisi lolote, kwa kuwa maradhi hayo huweza kukaa kimya mwilini mwa mwanamke huku yakiharibu mirija ya uzazi.

Hapo methali ya mficha uchi hazai, niliyozoea kuifafanua kama fumbo, ikanijia kwa maana yake ya wazi kabisa.

Wasomi wenzangu, mwasho usiokwisha kwa siku mbili tatu, uchungu wa kukojoa au usaha ni sababu tosha ya kumwona daktari. Mkiona damu katika mkojo, homa, korodani kuvimba au mkojo kukataa kutoka, msingoje kupambazuke.

Jioni ile nilimpigia mwenzangu simu. Nilianza, "Kuna jambo dogo...", nikanyamaza. Kisha nikaanza upya, nikautaja ugonjwa kwa jina lake.