Hiyo Kuki ni Wewe

Tanga, Jumapili usiku

Mpwa wangu Neema,

Bibi yako amefurahi kusikia umeuzoea upepo wa Dodoma. Ujumbe wako wa jana nimeusoma mara tatu, na nimeona jambo lenyewe linataka utulivu kuliko simu.

Unasema kazi ya saa sita usiku inaingia vizuri kwenye mfumo wa wauzaji, ila ile ya saa saba inayokwenda kuchota bei inarudi na ukurasa wa kuingilia. Na hitilafu haionekani: seva imejibu 200, yaani kila kitu sawa, na prosija yako ya Oracle ikaupokea ukurasa ule na kuumwaga kwenye jedwali la bei. Nenosiri hukukosea, mwanangu. HTTP haina kumbukumbu. Kwake kila ombi ni mgeni anayebisha hodi kwa mara ya kwanza. Ndiyo sababu Lou Montulli wa Netscape alibuni kuki mwaka 1994: seva inakukabidhi kipande cha maandishi, nawe unakionyesha kila urudipo. Kivinjari hukufanyia hayo kimyakimya. Ndani ya Oracle, UTL_HTTP inayotumwa kuleta kurasa za wavuti nayo hufanya hivyo, lakini kuki huzitunza ndani ya sesheni ya hifadhidata tu, kwa kawaida zisizozidi 300, na 20 kwa tovuti moja. Sesheni ikifungwa, zimekwenda nayo. Sasa kazi zako mbili ni sesheni mbili. Ya kwanza ilipewa kuki ikaondoka nayo. Ya pili ikafika mlangoni mikono mitupu.

Ziunganishe. Prosija moja iingie kwenye mfumo, imalize jibu kwa END_RESPONSE, kisha palepale itume ombi la bei. Kuki itakwenda yenyewe. END_RESPONSE uiite hata hitilafu inapotokea, la sivyo maombi yatabaki wazi na mwishowe utakutana na ORA-29270, yaani maombi yaliyo wazi yamezidi. Najua pia kuna GET_COOKIES ya kuzitoa kuki uzihifadhi, na ADD_COOKIES ya kuzirudisha katika sesheni nyingine. Mimi kwa kazi yako nisingepita huko, maana utakuwa umejitengenezea jedwali la funguo ambalo nalo linahitaji mlinzi.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni sentensi yako ya mwisho. Umefungua kivinjari, ukanakili kuki yako mwenyewe, ukaibandika ndani ya prosija kwa SET_HEADER, na sasa bei zinakuja. Neema, itoe leo hii.

Nilipokuwa na umri wako nilifanya hivyohivyo. Ofisi nzima ilikuwa inangoja ripoti, nami nilitaka kuonekana nimeweza. Nilisahau kwamba matini ya prosija husomwa na kila mwenye ruhusa ya kuangalia DBA_SOURCE. Mwenzetu mmoja aliikuta kuki ile, akaitumia kujaribu jambo lake, na oda za mteja zikafutwa. Kumbukumbu za mfumo ziliandika jina langu. Nilikaa mbele ya meneja nikiapa kwamba saa ile nilikuwa msibani Pangani, na karatasi iliyokuwa mezani ilisema nilikuwa kazini nikifuta. Mfumo haukukosea hata kidogo. Mwenye kuki ameshapita kwenye nenosiri. Haulizwi tena yeye ni nani. Ilichukua wiki mbili kabla sijaaminiwa, na bado nayakumbuka macho ya yule meneja.

Kwa hiyo kuufuta mstari ule hakutoshi, kwa sababu nakala zake zimeshaingia kwenye hifadhi za akiba. Rudi kwenye kivinjari ulichonakilia, utoke rasmi kwenye mfumo, halafu ijaribu kuki ile ya zamani uone kama seva imeikataa. Ikiendelea kupokelewa, waombe wauzaji wenyewe waifunge. Waombe pia akaunti ya prosija peke yake, yenye ruhusa ya kusoma bei na si zaidi, ili kazi ya usiku isitembee kwa jina lako.

Halafu, kabla ya kuingiza chochote kwenye jedwali, prosija ikague ilichopewa. Ikiona ukurasa wa wavuti mahali pa bei, isimame na kukutumia taarifa. Zile safu za juzi zilizojaa ukurasa wa kuingilia zifute kabla watu wa mauzo hawajafungua ripoti ya Jumatatu.

Nipigie kesho jioni ukishatoka kwenye mfumo, uniambie seva imejibu nini.

Mjomba wako