Sababu za Kushuka Sengerema

Tangu tarehe 19 Juni 2025 kuvuka Ghuba ya Mwanza kumekuwa jambo la dakika chache. Siku hiyo ndipo lilipofunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lililopewa jina la Rais John Magufuli, nalo lina urefu wa kilomita 3. Sisi tuliozoea kungoja kivuko, pengine saa moja, pengine zaidi, na mara nyingine pamoja na mgonjwa aliyekuwa akiugua ndani ya gari, hatuna neno la kulilaumu daraja hilo. Twashukuru sana.

Walakini liko jambo ambalo halisemwi sana. Zamani msafiri aendaye Geita au Bukoba alishuka penye kivuko, apende asipende. Alinyosha miguu, akanunua samaki wa kukaanga, akayatazama maji, hata akamwuliza mtu habari za nchi. Sasa apita juu, na gari halisimami. Akina mama waliouza samaki pale wamepungukiwa na wanunuzi, na vijana waliobeba mizigo wametafuta kazi nyingine. Nchi yetu yaelekea kuwa nchi ya kupitwa tu. Ndiyo sababu twapenda kueleza kwa nini mtu, iwapo ana siku mbili au tatu, ashuke.

Labda mtu atacheka na kusema, “Sengerema pana nini, ila pamba, mihogo na wachimba dhahabu?” Maneno haya twayasikia hata kwa wenyeji. Katika madarasa yetu wamo watoto waijuao kwa picha pwani ya Dar es Salaam, wala hawajapata kusimama ufukoni pa ziwa lililo mwendo mfupi kutoka kwao. Wazazi nao husema kwamba matembezi ni ya Wazungu.

Basi na tuwatazame hao Wazungu kidogo. Kando ya Bahari ya Mediterania, ile ambayo Mtume Paulo alivunjikiwa na merikebu ndani yake, uko mji wa Nice, ambao leo ni wa Ufaransa. Bahari iko mbele yake, na milima ya Alps iko nyuma. Waingereza wenye mali walikuwa wakienda huko kukimbia baridi ya kwao. Mwanzoni mwa miaka ya 1820 ilikuja baridi kali hata huko Nice, watu wengi wakakosa kazi. Ndipo kasisi mmoja Mwingereza, Lewis Way, alipofanya shauri na wenzake kutoa fedha, wakawaajiri maskini kutengeneza njia ya kutembelea kando ya bahari. Njia hiyo ipo hata leo, nayo huitwa Promenade des Anglais, yaani matembezi ya Waingereza. Hatusemi kwamba Busisi itakuwa Nice. Na gharama za mji kama ule hatuzitamani. Twasema tu kwamba wageni wakishuka mahali, hata mtu asiye na shamba aweza kupata riziki.

Nasi tunayo maji mbele na vilima nyuma. Miamba ya nchi hii ni ya graniti, na umri wake wapata miaka milioni 2,500. Mgeni huuliza ni nani aliyeyapanga mawe makubwa kama nyumba, moja juu ya jingine, yasianguke. Hakuna aliyeyapanga. Mwamba ulikuwa chini ya ardhi, wenye nyufa za kwenda juu na za kwenda kando. Maji yakaingia katika nyufa, yakaula mwamba kidogo kidogo, pembe zake zikawa mviringo. Kisha mvua za miaka mingi zikauchukua udongo, mawe yakabaki juu ya mawe. Jiwe la Bismarck kule Mwanza, ambalo watu wote hupiga picha, lilifanyika vivyo hivyo. Na ndugu zake wako huku kwetu, wala hawana majina.

Mwalimu mwenzetu mmoja wa Dodoma alikuwa amepita Busisi mara nne, kila mara usiku, akisinzia. Safari ya tano tulimshusha, tukampandisha juu ya miamba jua likikaribia kuchwa. Aliona ghuba yote imekuwa ya rangi ya shaba, na yangeyange wakirudi makwao kwa makundi. Giza lilipoingia alituonyesha taa nyingi mbali kwa upande wa kaskazini, akauliza, “Ule ni mji gani?” Tukamjibu kwamba si mji, ni wavuvi wa dagaa. Usiku usio na mbalamwezi huwasha taa juu ya maji, na dagaa huifuata nuru hadi wavuni. Zamani walitumia karabai za mafuta ya taa. Siku hizi wengi hutumia taa za betri. Mwenzetu alikaa juu ya jiwe lile hata tukaanza kusikia baridi, maana ziwa letu liko mita zipatazo 1,134 juu ya bahari, na usiku wake si kama usiku wa pwani.

Chakula chetu nacho ni sababu, nasi hatuoni haya kusema hivyo. Sato aliyevuliwa alfajiri, akapikwa mchana kwa nyanya na chumvi tu, akaliwa kwa ugali wa muhogo, hapatikani mjini kwa ladha ile ile. Asubuhi mgeni na apewe matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa juani, anywe na chai.

Lakini asile tu. Na aulize pia habari za furu. Hawa ni samaki wadogo, na ziwani walikuwamo aina zipatazo 500. Wataalamu wa Leiden, katika nchi ya Uholanzi, walianza mwaka 1977 kuwachunguza katika ghuba yetu hii. Walikuwa wangali kazini wakati sangara, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, alipozidi mno, na aina nyingi za furu zikatoweka mbele ya macho yao. Sangara huyo huyo amewajengea watu nyumba na kuwasomesha watoto. Mambo haya mawili mgeni atayasikia kwa mzee mmoja, katika mazungumzo ya jioni moja, wala mzee hataona shida kuyasema yote mawili.

Mwenye nafasi zaidi na aende visiwani. Kome na Maisome vi karibu, na watu wake ni wakarimu. Mbele zaidi, upande wa magharibi, kiko Rubondo, ambacho kimekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977. Huko wako sokwe ambao wazee wao waliletwa kati ya mwaka 1966 na 1969 kutoka katika bustani za wanyama za Ulaya. Walikuwa wamezoea kulishwa na watu. Wakaachwa msituni, wakajifunza kujitafutia, wakazaa. Twaona habari hiyo peke yake yatosha kumtoa mtu nyumbani.

Si haki kuwaita wageni tusiwaambie hatari. Kichocho kipo katika maji ya ufukoni, hasa penye majani na maji yaliyotulia. Basi mtu asioge wala asichezeshe miguu humo. Mamba na viboko wapo pia. Na ziwa hili si bwawa: mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku hugeuka, na dhoruba nyingi huzuka juu ya maji usiku na kabla ya mapambazuko. Wakongwe wa huku hawajaisahau meli ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Usipande mtumbwi uliojaa, wala usikubali kuondoka bila jaketi la kuokoa maisha, hata kama nahodha akikucheka.

Wakati mzuri wa kuja ni kuanzia Juni hata Septemba, mvua zinapokuwa zimekoma na njia za mashambani ni kavu. Mtu aweza kuja kwa daraja na kurudi Mwanza kwa njia ya maji ya Kamanga, akapata yote mawili. Akina mama wengine wa Busisi wangali wanakaanga samaki, ijapokuwa yawapasa sasa kuvifuata vituo vya mabasi. Mwambie dereva mapema, kabla hamjafika Kigongo, kwamba utashuka ng'ambo. Maana ukinyamaza, daraja litakwisha kabla hujaufunga mfuko wako.