Baba wa kwenye simu

Msomaji wangu, kuna ndoa nyingi siku hizi zinaishi kwenye simu. Si ndoa za watu waliogombana, la hasha. Ni za watu wanaopendana vizuri tu, ila mmoja yuko Dar na mwenzake yuko Mwanza kikazi, au Muscat, au Marekani anatafuta maisha. Asubuhi mnatumiana ujumbe, usiku mnapigiana video, mwisho wa mwezi hela inaingia. Rafiki akikuuliza, unajibu, "Tuko poa." Na kweli mko poa. Ila kuna swali ambalo hatuliulizani: je, watoto nao wako poa?

Mimi nimeishi kwenye ndoa ya namna hiyo kwa karibu miaka miwili. Agosti 2021 mume wangu alipata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili kwenye chuo kimoja mjini Columbus, katika jimbo la Ohio. Nikabaki Dar na kazi yangu ya uhariri, binti yetu wa miaka minane na mdogo wake aliyekuwa na miaka mitatu tu. Desemba 2022 tukafanikiwa kumfuata kwa likizo ya wiki tatu. Makoti niliazima, viza ilipatikana kwa mbinde, na kwenye begi nikabeba dagaa na unga wa muhogo kama mke anayejua wajibu wake.

Tulipotokeza pale uwanja wa ndege, binti alitupa begi akamkimbilia baba yake. Mdogo wake akajificha nyuma ya koti langu, akachungulia, kisha akaniuliza kwa sauti iliyosikika na kila mtu: "Mama, huyu ndiye yule baba wa kwenye simu?"

Tulicheka wote. Mume wangu naye alicheka, lakini namjua. Kile hakikuwa kicheko chake.

Siku zilizofuata mambo hayakubadilika. Mtoto hakumkataa baba yake kwa ubaya. Alimpa heshima kama mgeni. Akiletewa chakula na yeye anasema "asante", akitaka kuoga ananiita mimi. Siku ya nne baba yake akajaribu kitu. Aliingia chumba cha pili, akafunga mlango, akapiga simu ya video. Basi bwana! Mtoto akaruka juu, akaishika simu kwa mikono miwili, akaanza kumsimulia baba yake habari zote: theluji, ndege, katuni alizoziona. Dakika ishirini nzima. Simu ilipokatika na baba mwenyewe akatoka chumbani, mtoto akanyamaza na kurudi kwenye vitu vyake vya kuchezea.

Usiku ule hatukuongea sana.

Jangwa lenye maji

Wazo la kwenda kwenye hoteli ya maji lilikuwa la mume wangu. Kule sehemu za kaskazini, majira ya baridi mtoto hawezi kucheza nje kwa muda mrefu, kwa hiyo watu wamejenga hoteli ambazo ndani yake, chini ya paa, kuna mabwawa, mito ya bandia na mirija mirefu ya kutelezea. Si jambo la jana. Kanada walijenga bustani kubwa ya maji ndani ya jengo la maduka pale Edmonton mwaka 1986. Ujerumani walifungua ya kwao Desemba 2004 ndani ya jengo ambalo awali lilijengwa kwa ajili ya kutengenezea meli za angani. Kwa Marekani, mji uliovuma zaidi kwa biashara hii ni Wisconsin Dells. Wageni wake walikuwa wanajaa majira ya joto na kupotea baridi ikianza, mpaka wenye hoteli walipoamua kuyaezekea maji yao.

Sisi tulienda Sandusky, mji ulio kando ya Ziwa Erie, mwendo wa kama saa mbili kwa gari kutoka Columbus. Hoteli yenyewe inaitwa Kalahari. Ndiyo, Kalahari lile jangwa la Botswana na majirani zake! Ya kwanza ya jina hilo ilifunguliwa Wisconsin Dells mwaka 2000, na hii ya Sandusky ikafuata mwaka 2005. Kila kitu kimepambwa kwa sura ya Afrika: twiga, tembo, vinyago. Binti yangu alipoona kwamba mchezo mmoja wa kuteleza unaitwa Tanzanian Twister na mwingine Swahili Swirl, alianza kuwaambia watu kwenye foleni kwamba hizo ni mali zetu.

Nje baridi ilikuwa ya usipime. Siku chache kabla yake, ile dhoruba kubwa ya theluji ya Krismasi 2022 ilikuwa imeukumba mji wa Buffalo, ulio mwisho wa pili wa ziwa hilohilo. Lakini ukivuka mlango wa kuingia kwenye maji, hali ya hewa inawekwa nyuzijoto kama 29 mwaka mzima. Nikamwambia mume wangu, "Yaani tumepanda ndege mbili, tumekopa makoti, halafu tunalipia joto la Dar es Salaam?" Akasema, "Na bado hujaona jasho." Hapo kicheko chake cha zamani kilitoka kidogo.

Suala la hela nalo tulizungumze, maana najua unajiuliza. Bei ya chumba ilijumuisha tiketi za maji za familia nzima, lakini chakula ni juu yako. Dola moja wakati ule ilikuwa kama shilingi 2,300, kwa hiyo kila sahani ya chipsi ilikuwa inanipigia hesabu kichwani. Chumbani kulikuwa na friji dogo na maikrowevu, nasi tulitoka Columbus na pilau letu kwenye mabakuli. Columbus ina Wasomali wengi sana, na kwenye maduka yao utapata mchele, viungo, hata maharage ya kukutuliza moyo. Kwa siku mbili tulinunua chakula cha hotelini mara moja tu, na hakuna aliyelala njaa.

Simu inapobaki kabatini

Kitu cha kwanza ambacho maji yanafanya ni kukunyang'anya simu. Unaifungia kabatini pamoja na viatu na pochi, unabaki na bangili ya plastiki mkononi na nguo ya kuogelea. Kwa watu wazima wawili waliozoea kuongea huku kila mmoja anatazama kioo chake, ile nusu saa ya kwanza ni ngumu. Mkono unatafuta mfuko ambao haupo.

Kitu cha pili ni kwamba maji hayajali nani amezoeana na nani. Wataalamu wa usalama wa majini wanasisitiza kwamba mtoto mdogo asiyejua kuogelea awe umbali wa mkono kutoka kwa mtu mzima, hata kama amevaa jaketi la kuelea na waokoaji wamejaa kila kona. Sababu ni kwamba mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele; anakwenda chini kimyakimya. Sasa kwetu mwogeleaji ni mmoja tu. Mume wangu amekulia Kigoma, ziwa alilijua kabla ya baiskeli. Mimi maji yakinifika kiunoni naanza kukumbuka sala zote nilizofundishwa. Kwa hiyo kazi iligawanyika yenyewe: mimi na binti kwenye foleni za kuteleza, baba na mdogo kwenye maji.

Siku ya kwanza mtoto alikubali kukaa kwenye boya, baba akilisukuma taratibu kwenye ule mto wa bandia unaozunguka. Hakutaka kushikwa. Kila walipopita mbele yangu nilimwona ameshika vishikio vya boya kwa nguvu, uso mbele, kama abiria wa bodaboda asiyemjua dereva wake. Walizunguka, wakazunguka. Baba yake hakumlazimisha, hakumbembeleza, hakumwahidi pipi. Alisukuma tu.

Siku ya pili, tukiwa kwenye eneo la watoto wadogo, kulikuwa na ndoo kubwa juu inayojaa maji taratibu kisha inajimwaga yote kwa mpigo. Watoto wakubwa wanaisubiri chini yake kwa hamu. Mwanangu hakujua. Ndoo ilipopinduka, mlio ule na maji yale vilimtisha, akageuka na kukimbia huku analia. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye zaidi. Alinipita. Alikwenda moja kwa moja kwa baba yake, akamrukia na kumkaba shingo.

Mume wangu alisimama palepale na maji yakiwa magotini, amemshika, hasogei. Mimi nikajifanya nahangaika na nywele za binti, maana machozi na maji ya bwawa huwezi kuyatofautisha ila macho mekundu watu wanayaona. Bahati nzuri mahali pale kila mtu ana macho mekundu. Ile harufu kali na kuwashwa kwa macho mara nyingi si klorini yenyewe. Ni klorini ikikutana na jasho na mikojo ya watu, ndiyo maana mnahimizwa kuoga kabla ya kuingia. Na dada zangu wenye rasta na nywele asilia: zilowesheni kwa maji safi kwanza na mzipake kondishena kabla ya kuvaa kofia. Nywele iliyokwisha kunywa maji safi hainywi klorini nyingi.

Mchana ule tulibadilishana. Mimi nilibaki na mdogo kwenye maji ya kifundo cha mguu, binti akapanda ngazi na baba yake kwenda kwenye ule mchezo wenye jina la lugha yetu. Walirudi wanapiga kelele wote wawili. Mdogo akamtazama baba yake akamwambia kwa hasira kabisa: "Baba, umeniacha!" Ilikuwa mara ya kwanza kumlalamikia. Mgeni halalamikiwi, msomaji wangu.

Mazungumzo ya saa nne usiku

Watoto waliochoka na maji wanalala kama magogo. Saa nne usiku, taa zimezimwa, tumekaa chini kwenye zulia na bakuli la mwisho la pilau, mume wangu akanieleza jambo alilokuwa nalo kifuani tangu tufike. Profesa wake alikuwa amemtaka aendelee na shahada ya uzamivu. Nafasi ipo, posho ipo. Miaka minne, pengine mitano.

Nilimuuliza, "Wewe unataka?"

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Nilikuwa nataka sana. Tena nilitaka kukubali kabla hamjaja. Niliogopa kurudi nyumbani nikiwa mgeni. Nikasema bora niwe mgeni huku, ambako ni haki yangu."

Nilitegemea hoja za kazi, hela na maisha bora ya watoto, na majibu yote nilikuwa nayo. Hilo sikuwa na jibu lake. Kumbe mtu anaweza kukimbia nyumbani kwa sababu anapapenda na hana uhakika kama bado ana nafasi yake. Mimi huku Dar nilikuwa nahesabu upweke wangu: homa za watoto za usiku, vikao vya shule, luku kukatika. Yeye kule alikuwa anahesabu vitu ambavyo mtoto hamwombi tena.

Hatukuamua usiku ule. Tulikubaliana jambo moja tu: lolote litakalokuja, watoto hawatakaa zaidi ya miezi sita bila kumshika baba yao kwa mikono yao. Si kumwona. Kumshika. Tukichukua kalenda na nauli, jibu likajileta lenyewe. Juni 2023 alirudi. Uzamivu anausomea hapahapa nchini huku akifundisha, na kipato ni kidogo kuliko ile posho ya Ohio. Tunalisikia hilo kila ada za shule zikifika, na sitakudanganya kwamba hatujawahi kulizungumza kwa sauti ya juu.

Sikuambii urudi au umrudishe mwenzako. Kila nyumba na hesabu zake, na wengine hawana nafasi ya kuchagua. Wala huhitaji theluji ya Ohio. Joto tunalo la bure na maji yapo: wengi wetu tuliokulia Dar tumejifunza kuogopa mirija ya kuteleza pale Kunduchi, na Jumapili ufukwe wa Coco hujaa familia zilizokuja na maboya ya matairi.

Ninachokuomba ni hiki. Mwenzako akija likizo, usimjazie ratiba ya harusi, misiba na kusalimia ukoo mzima, halafu umpe watoto dakika za mwisho akiwa anafunga begi. Siku mbili za kwanza wapeni watoto. Tafuteni mahali ambapo simu haiwezi kuingia na mtoto mdogo analazimika kumshika mtu mzima. Halafu wewe uliyebaki nyumbani, uliyezoea kuwa baba na mama, kaa pembeni kidogo. Mtoto akilia, hesabu mpaka kumi kabla ya kunyanyuka, uone anakwenda kwa nani. Kama atakuja kwako, mpokee. Kesho mtajaribu tena.