Kibarua wa Canton na Dereva Aliyempenda

WAHENGA walisema wema hauozi. Ukijaliwa kufika Jackson, mji ulio magharibi mwa jimbo la Tennessee nchini Marekani, utayaona maneno hayo kwa macho yako. Hapo pana nyumba ya mbao iliyofanywa makumbusho mwaka wa 1956. Karibu nayo imesimama injini ya mvuke yenye nambari 382. Si injini ile ya asili, bali ni ya aina yake tu, lakini nambari hiyo ndiyo inayowavuta wageni.

Nyumba hiyo ilikuwa ya John Luther Jones, dereva wa garimoshi ambaye ulimwengu unamjua kwa jina la Casey Jones. Huenda, msomaji mpenzi, umewahi kulisikia jina hilo katika wimbo. Leo nakuomba tufuatane katika reli aliyoiendesha, kwa sababu mwisho wake tutamkuta mtu mwingine asiyetajwa sana: kibarua wa kupangusa injini, aliyehakikisha kwamba mwenzake hasahauliki.

Casey alizaliwa mwaka wa 1863 na kukulia karibu na kijiji cha Cayce, Kentucky. Ndiko lilikotoka jina lake la utani. Alikuwa pande la mtu, futi sita na inchi nne, mcheshi, tena asiyegusa pombe. Honi ya injini yake aliipuliza kwa namna yake mwenyewe, ikianza kwa upole, ikipanda, kisha ikififia kama ndege wa usiku. Watu waliolala kando ya reli waliisikia wakajua: huyo Casey anapita. Husimuliwa pia kwamba siku moja, alipomwona mtoto ameganda kwa hofu katikati ya reli, alitambaa hadi mbele ya injini iliyokuwa ikienda na kumnyakua.

Sasa tushuke hadi Memphis, kando ya mto Mississippi. Usiku wa tarehe 29 Aprili, 1900, Casey alikuwa amemaliza zamu yake aliposikia kwamba dereva wa treni ya kwenda kusini ni mgonjwa. Alikubali kumshikia kazi. Treni ilikuwa imechelewa kwa dakika 95 ilipong'oa nanga saa saba kasoro dakika kumi usiku. Mbele yake palikuwa na safari ya kilomita 300 hivi hadi Canton, jimbo la Mississippi.

Aliyekuwa naye ndani ya injini ni Sim Webb, mchochea makaa. Ukitaka kuijua kazi yao, msomaji, panda injini mojawapo ya mvuke katika Makumbusho ya Reli, Nairobi. Simama mahali pa dereva, kisha uwazie moto ukiwaka mbele ya magoti yako, makaa yakitupwa kwa sepetu usiku kucha, na chuma chote kikitetemeka. Watu wawili wakifanya kazi hiyo pamoja, maisha ya mmoja yamo mikononi mwa mwenziwe.

Sim alichochea, Casey akaendesha. Kituo baada ya kituo walizila zile dakika walizochelewa, hata zikabaki chache mno. Ndipo walipofika Vaughan, stesheni ndogo iliyo kaskazini ya Canton.

Hapo palikuwa na treni mbili za mizigo katika njia ya kupishania, nazo zilikuwa ndefu kuliko njia yenyewe. Zilipokuwa zikisogezwa ili kumpisha Casey, mpira wa hewa wa breki ulipasuka. Mabehewa manne yakakwama kwenye njia kuu. Sim aliona taa nyekundu za behewa la mwisho akapiga ukelele. Casey alimwambia aruke. Sim akaruka.

Casey hakuruka. Alibaki akikaza breki, akipuliza honi kuwaonya waliokuwa mbele. Inakadiriwa kuwa treni ilikuwa ikienda kilomita 120 kwa saa, naye akaipunguza hadi karibu nusu kabla ya kugonga. Injini ilipasua behewa la gadi, la nyasi kavu na la mahindi. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika nane za alfajiri, tarehe 30 Aprili. Katika treni nzima, aliyekufa ni mmoja tu: dereva. Alikuwa na umri wa miaka 37.

Kampuni ya reli ilifanya uchunguzi na kutoa uamuzi kwamba kosa lilikuwa la Casey, kwa kutojali ishara za hatari alizowekewa njiani. Marehemu hana wakili. Lakini Sim Webb alikuwa hai. Yeye alishikilia kwamba hawakuona mtu wa kupunga taa wala kusikia fataki za onyo juu ya reli. Alilisema neno hilo hadi alipofariki mwaka wa 1957, mzee wa zaidi ya miaka 80.

Tumalizie safari Canton, mahali Casey alipotarajiwa alfajiri ile. Katika karakana ya hapo alifanya kazi Wallace Saunders, Mwamerika mweusi aliyekuwa akipangusa mafuta na masizi kwenye injini. Kumbuka, msomaji, hiyo ni Mississippi ya mwaka wa 1900. Sheria ziliwatenga weusi na weupe hata katika mabehewa, na mtu mweusi kama Sim angeweza kuchochea makaa maisha yake yote asipewe usukani. Hata hivyo, Saunders alikuwa rafiki wa Casey na alimpenda mno. Habari za kifo zilipomfikia, hakuwa na gazeti wala cheo cha kumsifia mwenzake. Alikuwa na sauti yake tu. Akatunga wimbo, akauimba huku akipangusa.

Wafanyakazi wa reli waliudaka wakaenda nao kila stesheni. Waimbaji wa majukwaani nao wakausikia, wakaubadilisha, na mwaka wa 1909 ukachapishwa kwa majina ya watu wengine. Husimuliwa kwamba malipo ya Saunders yalikuwa chupa moja ya pombe.

Ubaya zaidi ni kwamba waliouuza waliongeza maneno ya kudokeza kuwa mke wa marehemu alikuwa na bwana mwingine. Janie Jones alibaki mjane kwa miaka 58, hakuolewa tena, na alizoea kuvaa nguo nyeusi. Miaka yote hiyo alilazimika kukanusha uzushi huo, hadi alipoaga dunia mwaka wa 1958 akiwa na miaka 92. Kilichotungwa kwa mapenzi karakanani, sokoni kiligeuzwa matusi.

Leo Vaughan ni pahali pa kimya. Makumbusho madogo yaliyokuwapo yalifungwa mwaka wa 2004, na tangu 1995 treni ya abiria kati ya Chicago na New Orleans hupitia njia nyingine. Kaburi la Casey liko Jackson, katika makaburi ya Mount Calvary. Hadi mwaka wa 1947 halikuwa na jiwe la ukumbusho. Kwa miaka 47, basi, ukumbusho wake mkubwa ulikuwa ule wimbo wa kibarua.

Msomaji mpenzi, ukimzika mwenzako wa kazini, ripoti ya wakubwa itasema lake, na soko nalo litasema lake. Wewe uliyemjua usinyamaze. Sema alivyokuwa, kama Sim. Na kama huna kalamu wala cheo, imba hata ukiwa na kitambaa cha kupangusia mkononi, kama Wallace Saunders wa Canton.